Kutoka Namanga Hadi Rusumo: Safari ya Mkaazi Asiye Raia

Siku hizi abiria wa Namanga hapangi foleni mara mbili. Basi linalotoka Arusha linalipita jengo la Tanzania bila kusimama, linavuka mstari na kuwashusha watu upande wa Kenya, na humo humo, dirisha kwa dirisha, mtu anagongewa mhuri wa kutoka na mhuri wa kuingia. Kituo hiki cha pamoja kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018 na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta. Kimejengwa kwenye mpaka ule ule uliofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukabaki umefungwa hadi 1983. Kwa raia wa Tanzania au Kenya, mambo yamekuwa mepesi kweli: pasipoti, mhuri, twende.

Katika basi letu alikuwamo Sista mmoja Mjerumani, mwalimu wa uuguzi, mwenye miaka mingi mkoani Arusha. Anaongea Kiswahili cha darasani na cha sokoni, na wanafunzi wake wametawanyika katika hospitali za Kaskazini nzima. Kabla hatujafika Longido konda alimwinamia.

"Shikamoo Sista. Ile karatasi ya Kenya unayo?"

"Marahaba mwanangu. Ninayo, niliomba wiki iliyopita."

Karatasi yenyewe ni ETA, idhini ya kusafiri ya kielektroniki ambayo Kenya iliianzisha Januari 2024 baada ya Rais William Ruto kutangaza kwamba viza zimefutwa. Viza zimefutwa kweli, lakini asiyesamehewa hulazimika kuomba idhini hiyo mtandaoni kabla ya kuondoka, akajaza taarifa za pasipoti, picha, mahali atakapolala na siku atakazokaa, kisha akalipa dola 30 na tozo ya malipo juu yake. Raia wa karibu nchi zote za Jumuiya wamesamehewa. Wenye vibali vya ukaazi vya Kenya yenyewe wamesamehewa. Sista anacho kibali cha ukaazi, tena halali, daraja C, lakini ni cha Tanzania. Mbele ya dirisha la Namanga kibali hicho hakina uzito wowote. Anahesabiwa sawa na Mjerumani aliyetua jana kutoka Munich kuja kupiga picha za tembo.

Safari hii niliifunga kwa ajili ya watu kama yeye. Tumezoea kuzungumzia mipaka ya Afrika Mashariki kana kwamba wanaoivuka ni wa aina mbili tu, raia na watalii. Katikati yao wapo wengi wasiohesabiwa na upande wowote: mhandisi Mhindi wa Nairobi, daktari Mnigeria wa Kampala, mmishenari wa Kigoma, mfanyabiashara Mmisri wa Kigali, mume wa kigeni wa dada yetu. Wanalipa kodi hapa, wanasomesha watoto hapa, na wengine wao watazikwa hapa. Nilitaka kuona mipaka inawapokeaje, kwa hiyo nikapanga kuzunguka ziwa: Namanga, Busia, Katuna, kisha kurudi nyumbani kwa Rusumo.

Tatizo linaanzia kwenye maandishi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inaahidi watu uhuru wa kwenda na kurudi bila viza. Ukiisoma Ibara ya 7 kwa makini, unakuta ahadi hiyo wamepewa raia wa nchi wanachama. Mkaazi asiye raia ameachwa mikononi mwa kila nchi, na kila nchi imemtungia masharti yake. Miaka inapita, nchi wanachama zinaongezeka, Kongo imeingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, lakini swali la mkaazi limebaki pale pale lilipoachwa.

Sista ana mfano wake, na tangu siku ile sijausahau. Mmoja wa wanafunzi wake, binti wa Moshi, ni muuguzi mjini Freiburg, kusini mwa Ujerumani, na pasipoti yake ni ya Tanzania. Jumamosi akitaka kwenda Colmar, Ufaransa, anapanda gari na kwenda. Akitaka Basel, Uswisi, anapanda treni. Haombi viza wala hajazi fomu, kwa sababu kibali chake cha kuishi Ujerumani kinamruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180. Kanuni hiyo inatokana na mkataba uliosainiwa mwaka 1990 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg. Nchi zile zilikubaliana kwamba, jirani yangu akishamchunguza mtu na kumpa kibali cha kuishi kwake, uchunguzi huo unanitosha na mimi kwa matembezi mafupi.

"Mwanafunzi wangu Mtanzania anavuka mipaka ya kwetu bila kuulizwa," Sista aliniambia tulipokuwa tunarudi kwenye basi. "Mimi mwalimu wake naulizwa hapa, na hapa ndiko kwangu."

Hakulisema kwa hasira. Alikuwa anawahi miadi ya macho Nairobi, kama wanavyofanya watu wengi wa Arusha wakihitaji daktari bingwa, na miadi haingoji.

Nairobi yenyewe inakumbusha kwamba kuwa na pasipoti ya nchi yoyote, hata ya mbali, ni neema. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kutoka pwani hadi mji huu kumwona Rais. Wazazi na mababu zao walikuja kutoka Msumbiji na kusini mwa Tanzania kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Vizazi vikapita wakiwa hawana kitambulisho cha Kenya, wala cha Msumbiji, wala cha Tanzania. Mtu wa Kwale mwenye ndugu Mtwara hakuwa na njia halali ya kwenda kumzika. Matembezi yale yalizaa matunda: serikali iliwatambua kuwa kabila la 43 la Kenya na kuwapa vitambulisho. Baada yao walitambuliwa Washona, na mwaka 2023 Wapemba wa pwani. Nawataja kwa sababu mjadala wa viza za wakaazi huwa unaishia kwa wenye mishahara mikubwa, ilhali jambo hili linawagusa pia wavuvi na vibarua.

Basi la Kampala huondoka Nairobi jioni. Viti vya mbele yangu vilikaliwa na familia moja: baba ni Mhindi wa Gujarat, fundi mkuu wa lifti, mama ni Mluo wa Kisumu, na watoto wawili waliokuwa wakibishana Kiswahili cha Nairobi hadi usingizi ulipowachukua. Ilikuwa likizo ya Desemba. Walipanga kupitia kwa rafiki yao Kampala, kuwaonyesha watoto Kigali, kisha kuteremka Mwanza kwa kaka yake baba, mwenye duka la vipuri. Mama na watoto wana pasipoti za Afrika Mashariki zilizotolewa Kenya. Baba ana pasipoti ya India na kibali cha kufanya kazi Kenya.

Nilimuuliza kwa nini hajachukua uraia. Katiba ya Kenya ya 2010 inamruhusu aliyeoa au kuolewa na Mkenya kuuomba baada ya miaka saba ya ndoa, naye amevuka miaka hiyo. Alijibu bila kusitasita: India hairuhusu uraia pacha. Mama yake yu hai huko, mzee na mgonjwa, na yeye hataki kufika mlangoni kwa mama yake akiwa mgeni. Nadhani mtu yeyote aliyeacha wazazi mbali atamwelewa. Huyu ameipenda Kenya, ameoa Kenya, ameijengea lifti Kenya, na bado hakuna sababu ya kumlazimisha amkane mama yake ili apite Namanga bila kulipa.

Tulifika Busia kabla ya mapambazuko. Upande huu nao kuna kituo cha pamoja, kilichozinduliwa Februari 2018 na Marais Kenyatta na Yoweri Museveni. Bodaboda zilikuwa zimeshaamka, na akina mama wenye vikapu vya samaki walikuwa wakipita kwa miguu, maana wao mpaka ni njia ya kwenda sokoni. Mama watoto alipeleka pasipoti zao tatu, zikagongwa. Baba akafuata na pasipoti yake ya India.

"Kibali cha Kenya kipo, mzee?" afisa wa Uganda aliuliza.

Kilikuwepo. Afisa alikisoma, akakagua tarehe ya mwisho, akaandika kitu kwenye kompyuta, akagonga. Mtu yule yule, kwa pasipoti ile ile, kama angekuwa mtalii tu angelipa dola 50 za viza ya Uganda, tena aombe mtandaoni kabla. Pale hakulipa hata senti.

Msamaha huo una historia. Mwaka 2013 Museveni wa Uganda, Kenyatta wa Kenya na Paul Kagame wa Rwanda walianza kukutana katika vikao vya Ushoroba wa Kaskazini, wakazungumzia reli, bomba la mafuta, ushuru na usafiri wa watu. Mwaka 2014 matunda ya usafiri yakaonekana. Raia wa nchi hizo tatu waliruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Watalii wakapata viza moja ya nchi tatu, dola 100 kwa siku 90. Na wageni wenye vibali halali vya kuishi na kufanya kazi katika moja ya nchi hizo wakasamehewa ada ya viza wanapozitembelea nyingine mbili. Magazeti yaliandika mno juu ya viza ya watalii. Kwangu mimi, hili la wakaazi ndilo lilikuwa na busara zaidi, kwa sababu lilifanyika bila kuanzisha kadi mpya, ofisi mpya wala sheria nzito. Walichukua kibali kilichokuwepo tayari na kukubaliana kukiheshimu.

Tanzania haikuwemo, wala Burundi. Jambo hilo liliuma wakati ule. Novemba 2013 Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge Dodoma, akaeleza kwamba Tanzania inatengwa na wenzake, na kwamba haina nia ya kutoka katika Jumuiya. Tahadhari ya Tanzania ilijulikana: ardhi, ajira na uhamiaji. Hofu hizo si za kubeza. Katika Itifaki yenyewe, Ibara ya 15 iliacha matumizi ya ardhi yaamuliwe na sera na sheria za kila nchi, na hilo ndilo Tanzania ililolisimamia. Ila mkaazi wa Nairobi anayekuja Mwanza kumwona kaka yake kwa siku chache haombi shamba wala kazi. Tumeifunga hofu ya ardhi kwenye fomu ya viza ya matembezi, na vitu hivyo viwili havihusiani.

Kampala nitaipitia haraka, ingawa haistahili. Neno moja tu: Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini. Mkimbizi mwenye hati ya kusafiria inayotolewa kwa mujibu wa Mkataba wa Geneva wa 1951 anaweza kutoka nje ya nchi, lakini huko aendako anahitaji viza kama mgeni mwingine. Shemeji wa mwenyeji wangu, Mkongo aliyekimbia Kivu akiwa mtoto, alinionyesha yake. Alikuwa akiitunza ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vyeti vya shule.

Kutoka Kampala hadi Kigali ni mwendo wa kutwa, kupitia Mbarara na vilima vya Kabale. Katuna, ambako upande wa Rwanda huitwa Gatuna, inaonyesha jinsi haki ya kuvuka ilivyo dhaifu serikali zikigombana. Februari 2019 Rwanda iliufunga mpaka huu kwa ugomvi wake na Uganda, nao haukufunguliwa tena rasmi hadi tarehe 31 Januari 2022. Kwa karibu miaka mitatu watu wa kijiji kimoja cha upande huu hawakuweza kwenda msibani upande wa pili, wakiwa na vitambulisho vyao mfukoni. Tulipopita sisi, shughuli ilikuwa ya kawaida. Mikoba ilifunguliwa kutafuta mifuko ya plastiki, ambayo Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008. Baba wa Gujarat alitoa tena pasipoti na kibali cha Kenya, akapita tena bila kulipa. Watoto waliulizana kwa nini basi sasa linakwenda upande wa kulia wa barabara.

Rwanda imefika mbali zaidi ya wenzake. Mwaka 2018 iliwafungulia raia wa dunia nzima viza ya kupatikana wanapowasili, na Novemba 2023 Rais Kagame alitangaza kwamba Mwafrika yeyote anaingia bila viza. Nchi ndogo isiyo na bahari imeamua kuishi kwa wageni, na imepanga milango yake ifanane na uamuzi huo.

Asubuhi ya kuondoka Kigali nilikutana tena na familia ile kituoni Nyabugogo, tukapanda gari moja la Rusumo. Barabara inateremka mashariki kati ya migomba hadi Mto Kagera, ambako maji yanapasuka kwenye maporomoko na daraja linaunganisha nchi mbili. Daraja la sasa lilikamilika mwaka 2014 kwa msaada wa Japani. La zamani lilikuwa jembamba, lori moja kwa zamu. Kwenye maporomoko hayo kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wanaogawana Rwanda, Burundi na Tanzania. Na ni daraja hilo la zamani ambalo mwishoni mwa Aprili 1994 lilivukwa na Wanyarwanda wapatao 250,000 katika muda wa siku moja hivi, wakikimbilia Ngara. Watu wa Ngara waliwapokea kabla hakujawa na hema wala fomu.

Mkoa huu wa Kagera umeona pia upande wa pili. Mwaka 2013, katika Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu waliondolewa, na miongoni mwao walikuwamo waliokaa miongo mingi, wakaoa na kuzaa hapa. Mwaka uliofuata, 2014, serikali hiyo hiyo ilikamilisha jambo kubwa la heshima: Warundi wapatao 162,000, wakimbizi wa 1972 na watoto wao, walipewa uraia wa Tanzania. Nchi moja, ndani ya muda mfupi, ilitoa majibu mawili kwa swali la nani ni wa hapa. Afisa wa dirishani Rusumo analirithi swali hilo kila siku, akiwa na kompyuta na mhuri tu.

"Karibuni Tanzania," alisema yule wa zamu, kijana mwenye adabu. "Mama na watoto, tayari. Mzee, wewe utalipia viza, dola 50. Unakuja kufanya nini?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Anayekuja matembezini hulipa dola 50. Anayekuja kwa shughuli ya kazi, hata ya siku chache, huhitaji viza ya biashara, nayo ni dola 250. Baba alisema anamtembelea kaka yake. Afisa akaomba anwani ya kaka, kazi ya kaka, siku za kukaa. Mwishowe akamuuliza kama atatengeneza lifti yoyote Mwanza. Alijibu hapana. Mama watoto alisimama kando, pasipoti zao tatu mkononi, watoto wakiuliza kwa nini baba anachelewa. Alitoa kibali cha Kenya na kukiweka mbele ya afisa, kama alivyofanya Busia na Katuna.

"Mama, hiki nakiona, na ni kizuri," afisa alimwambia. "Lakini kwenye mfumo wangu sina mahali pa kukiingiza."

Jibu hilo lilikuwa la kweli na la kiungwana, na ndani yake ndimo ilimo kazi yote iliyobaki. Afisa wa Rusumo hawezi kujua kama kibali cha Nairobi ni halali au kimeghushiwa, kwa sababu Idara za Uhamiaji za Dar es Salaam na Nairobi hazijakubaliana kuonyeshana. Ziko nchi tatu jirani zilizokwisha kupitia njia hii kuanzia 2014, tena kwa kibali hicho hicho, na ulinzi wao haukuporomoka. Tanzania inaweza kuanza taratibu: kwa wenye vibali vya mwaka mmoja au zaidi, kwa matembezi ya wiki mbili, kwa wenza na watoto wa raia wa Jumuiya kwanza. Inaweza hata kudai Kenya imsamehe Sista wa Arusha dola zake 30 kwa kubadilishana. Dola 50 za mtu mmoja zinaonekana kwenye daftari la serikali jioni ile ile. Pesa ambayo familia nzima ingeiacha Mwanza, Kahama na Serengeti haionekani kwenye daftari la Uhamiaji, na pengine ndiyo sababu haipiganiwi.

Baba alilipa. Stakabadhi ilichukua muda kutoka, mtandao ulikuwa unasuasua, na gari la Kahama likawa linapiga honi. Tukiwa njiani kuelekea Benaco mkewe alifungua daftari na kupanga upya bajeti ya likizo, akakata siku moja ya hifadhini. Walikusudia kurudi kwao kwa Musoma na Sirari, ambako upande wa Kenya kibali cha mumewe kingemwingiza bila ETA. Likizo ya Aprili, aliniambia, kaka wa Mwanza ndiye atakayekuja kwao Nairobi. Yeye alikwisha kuchukua uraia wa Tanzania zamani, wakati wazazi wao walipokuwa wameshafariki, alisema, kisha akajisahihisha haraka: baba yao tu ndiye aliyefariki, mama yupo, na kaka mtu kila anapokwenda Gujarat kumwona sasa anaomba viza.